Bia ya Wapagazi, Pombe ya Bibi

Niliporejea nyumbani baada ya masomo ya uzamivu nchini Uingereza, nilikuja na vitabu vingi, koti zito ambalo sijalivaa tena, na maboksi mawili ya kutengenezea bia. Maboksi hayo yalikuwa zawadi ya mwenye nyumba wangu, mzee mstaafu aliyekuwa akijipikia bia jikoni kwake kila majira ya baridi. Ndani ya kila boksi mlikuwa na mkebe wa kimea cha shayiri kilichochemshwa na kukolezwa hadi kikawa kizito na cheusi kama molasi, pakiti ndogo ya hamira, na karatasi ya maelekezo. Juu yake liliandikwa neno moja kubwa: Porter.

“Unalijua jina hili limetoka wapi?” aliniuliza. Neno nililijua, historia yake sikuijua. Porter ni mpagazi. Bia hiyo nyeusi iliitwa kwa jina la wapagazi wa London kwa sababu wao ndio waliokuwa wanywaji wake wakuu. Nilicheka, naye akashangaa kwa nini nacheka. Nilimweleza kwamba nyumba yetu iko Bagamoyo, mji uliojengwa kwa migongo ya wapagazi, na kwamba sikuwahi kusikia kinywaji chochote duniani kilichopewa jina lao kwa heshima.

Makala hii imetokana na kicheko kile. Nataka kuuliza swali linaloonekana dogo: kwa nini kinywaji cha wapagazi wa London kimeingia katika vitabu, viwanda na maduka ya zawadi, ilhali kinywaji cha wapagazi wa Bagamoyo kimeishia kumwagwa mtaroni na watu wenye virungu? Naomba nieleweke mapema. Sitetei ulevi. Nimezaliwa na kulelewa katika pwani ambayo wengi wa watu wake wanakiona kileo kuwa haramu, nami nawaheshimu. Nimewaona pia wanaume waliokunywa ada za shule za watoto wao. Ninachokijadili hapa ni sheria na haki: nani anaruhusiwa kupika, nani anakatazwa, na ni nani aliyeamua hivyo.

Tuanze London. Mwanzoni mwa karne ya 18 London ilikuwa mji wa mizigo. Meli zilitia nanga katika mto Thames, na kila kilichoshushwa, iwe makaa ya mawe, nafaka, samaki au vitambaa, kilibebwa kwa kichwa na mgongo. Wapagazi wa mji ule walikuwa maelfu, wenye vyama vyao na beji zao. Walihitaji kinywaji cha bei nafuu chenye kutia nguvu katikati ya kazi. Bia nyeusi, iliyotokana na kimea kilichokaushwa kwa moto mkali, ikawa yao, na jina lao likawa lake.

Lakini bia hiyo haikubaki mikononi mwa watu wadogo. Porter ilikuwa na sifa moja iliyowavutia wenye mitaji: ilistahimili kukaa muda mrefu katika mapipa makubwa, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyozidi kukolea. Mwaka 1750 Samuel Whitbread alihamishia kazi yake katika kiwanda kikubwa cha mtaa wa Chiswell, akawa mmoja wa matajiri wa bia wa zama zake. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa kukaanga kimea hadi kiwe cheusi, na rangi ya bia ikaanza kupatikana kwa kimea kidogo tu. Mapipa nayo yakazidi kukua. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa kubwa la Porter katika kiwanda cha Meux, karibu na barabara ya Tottenham Court, lilipasuka. Bia ilibomoa kuta na kufurika katika makazi ya maskini wa St Giles, watu wanane wakafa. Uchunguzi uliamua kwamba ilikuwa ajali, na kampuni ikarudishiwa ushuru iliokuwa imeulipia bia iliyomwagika.

Kuna jambo jingine ambalo mwanahistoria Judith Bennett amelionyesha vizuri katika utafiti wake kuhusu Uingereza ya kati ya mwaka 1300 na 1600. Mwanzoni mwa kipindi hicho wapishi wengi wa bia walikuwa wanawake, waliopika majumbani na kuuza ziada kwa majirani. Mwishoni mwa kipindi hicho kazi ilikuwa imehamia kwa wanaume wenye mitaji, vyama na leseni, na mwanamke aliyeendelea kupika akawa mtu wa kudhihakiwa na kushukiwa. Viwanda vya Porter vilikuja kukamilisha safari iliyokuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1880 sheria ya kodi ikamtaka hata mtu anayejipikia nyumbani awe na leseni. Leseni hiyo ilifutwa mwaka 1963. Nchini Marekani haki kama hiyo ilirejeshwa kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 1978: mtu anaweza kupika bia nyumbani kwa matumizi yake, mradi asiiuze.

Kwa hiyo mkebe niliopewa una historia ya kunyang’anywa na kurudishiwa. Waingereza walipoteza haki ya kupika, wakairudisha wenyewe kwa kura za bunge lao, na leo mzee mstaafu anaweza kukoroga pipa jikoni bila kuogopa hodi mlangoni.

Sasa tuje Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango mkuu wa bara. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa kutoka Tabora na Ujiji, na misafara ya vitambaa, shanga na nyaya ilipanda kutoka hapa. Hapakuwa na reli, na mbung’o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Kila kitu kilikwenda kwa mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akiwa na frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kwa mwendo wa miezi. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake limebaki katika kumbukumbu za mji kwa shule na hospitali aliyoifadhili, alipata sehemu kubwa ya utajiri wake kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa za safari.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuwaona wapagazi wote kama watumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba sehemu kubwa yao walikuwa wafanyakazi wa ujira. Walijadiliana mshahara na posho, walikuwa na viongozi wao, walikuwa na mila zao za kambi, na walipodhulumiwa waligoma au waliitupa mizigo na kuondoka. Hata jina la Bagamoyo linabishaniwa kwa msingi huo. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake barani kabla ya kuvushwa bahari. Wapo wanaosema ni pumzi ya mpagazi aliyefika pwani: bwaga moyo, tua mzigo, pumzika. Pengine jina moja lilibeba mambo yote mawili, kwa kuwa njia ilikuwa moja.

Mwezi Februari 1874 wapagazi waliingia Bagamoyo na mzigo wa aina yake. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wametembea miezi tisa wakibeba maiti ya David Livingstone kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Maiti ile ilisafirishwa hadi London, ikazikwa katika kanisa la Westminster. Wapagazi walioibeba walirudi katika kazi zao.

Walikunywa nini watu hawa? Barani walikunywa pombe, na neno hilo wakati ule lilikuwa na maana mahususi: bia ya nafaka, ya mtama, uwele au mahindi. Richard Burton, aliyeanzia safari yake Kaole mwaka 1857, aliandika habari za pombe karibu kila alikopita. Wapishi wake walikuwa wanawake wa vijiji vya njiani. Pwani kulikuwa na tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, huchonga ncha ya karara kwa kotama, na utomvu hudondoka katika kibuyu. Ukiunywa mapema ni tembo tamu, karibu maji ya sukari. Hauhitaji hamira ya dukani, kwani chachu iliyomo hewani na kibuyuni huianza kazi mara moja, na kufikia jioni tembo limekuwa kali. Ukiliacha siku chache, linakuwa siki. Lugha yetu imelihifadhi jambo hili katika methali ambayo hata asiyekunywa anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hakuna jamii inayotunga methali kuhusu kazi isiyoiheshimu au isiyoijua.

Kuhusu wapagazi wenyewe, historia iliwatendea kwa pupa. Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikakauka, na Bagamoyo ikakauka nayo. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi walirudishwa kwa nguvu, safari hii kubeba risasi na vyakula vya majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Kambi ya jeshi la wapagazi la Waingereza pale Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Londoni iliwapa wapagazi wake jina la bia; sisi tumewapa jina la soko, na wengi wanaonunua nyanya pale hawajui kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokufa.

Narudi kwenye boksi langu. Maelekezo yalikuwa mepesi: yeyusha kimea kwa maji ya moto, ongeza sukari, jaza maji baridi hadi lita 23, nyunyiza hamira, funika, subiri wiki moja au zaidi, kisha tia kwenye chupa na kijiko cha sukari ili ipate povu. Kulikuwa na sharti moja tu ambalo sikulitilia maanani. Joto la chumba lisizidi nyuzi 24.

Ilikuwa Januari, Bagamoyo. Chumba changu cha stoo hakikushuka nyuzi 30 hata usiku. Hamira ikafanya kazi kwa fujo, povu likafurika sakafuni, na siku ya tatu pipa likawa kimya. Nilipoonja, bia ilikuwa na harufu ya ndizi zilizooza na ukali wa rangi ya kucha. Nilikuwa na shahada ya uzamivu, karatasi ya maelekezo ya kurasa mbili na lita 23 za kinywaji kisichonyweka.

Jirani yangu ni bibi wa Kikwere, mzaliwa wa upande wa Lugoba. Ndiye aliyesikia harufu kabla mimi sijamweleza mtu. Nilipompa shikamoo hakuitikia kwanza, aliinamia pipa.

“Marahaba. Mwalimu, umepika pombe?”

“Ni bia ya Uingereza, bibi.”

Alichovya kidole katika mkebe uliobaki na mabaki ya kimea, akalamba. “Hiki ni kimea,” alisema. “Kimea ni kimea. Wewe umekiunguza na joto.”

Kisha akanieleza anavyofanya yeye. Huloweka mtama, huufunika kwenye majani hadi uote, huuanika, husaga. Hupika uji, huuacha upoe hadi mkono uvumilie, hutia kimea, na hapo ndipo utamu unapotokea. Chachu huitoa katika machicha ya mpiko uliopita. Nilimsikiliza nikigundua kwamba kila hatua ya karatasi yangu ilikuwa na mwenzake katika maneno yake, isipokuwa kwamba yeye alianza na punje na mimi nilianza na mkebe. Kilichofanyika kiwandani Uingereza kabla ya boksi kufungwa, yaani kuotesha, kukausha na kugeuza wanga kuwa sukari, yeye hukifanya uani kwake. Katika kazi hii mimi nilikuwa mwanafunzi wa chekechea.

Boksi la pili nililipika kwa maelekezo yake. Tulianza jioni jua likishazama. Pipa liliwekwa chini kwenye sakafu, likazungushiwa gunia lililoloweshwa maji, na gunia likaloweshwa tena asubuhi na jioni. Upepo wa bahari ulipokausha gunia, uliondoka na joto, kanuni ileile inayopoza maji ya mtungi. Baada ya wiki sita nilifungua chupa ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, yenye povu la rangi ya kahawa ya maziwa na ladha ya mkate uliobanikwa. Bibi alionja kidogo, akakunja uso. “Chungu kama dawa,” akasema, akarudisha bilauri. Nadhani wapagazi wa London wangekuwa na maneno kama hayo kuhusu pombe yake.

Katika miezi ile yote hakuna mtu aliyeniuliza chochote. Wageni waliokuja nyumbani waliliona pipa, wakaonja, wakasifu. Mtumishi mmoja mwandamizi wa umma aliniambia kuwa ni jambo la kuvutia sana, na akaniuliza kama naweza kumwagizia boksi lake.

Mwezi uliofuata ilipita operesheni. Sitataja ni ya nani, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Waliingia uani kwa bibi asubuhi, wakamwaga mapipa mawili ya pombe ya mtama, wakaondoka na sufuria yake kubwa, wakamwandikia faini. Kosa lake lilikuwa kuuza bila kibali, na ni kweli hakuwa nacho. Pombe ilitiririka mtaroni ikapita mbele ya mlango wangu, na ndani ya mlango huo zilikuwa zimepangwa chupa 40 za bia nyeusi ambazo mwenyewe sikuwa na wasiwasi nazo hata kidogo. Mjukuu wake alikuwa amerudishwa shule wiki hiyo kwa ajili ya michango. Mapipa yale mawili ndiyo yaliyokuwa michango.

Msomaji mwenye kupenda haki atasema: tofauti ipo, wewe hukuuza, yeye aliuza. Ni kweli, na sheria za Uingereza na Marekani nilizozitaja huweka mpaka hapohapo. Lakini mimi sikuuza kwa sababu nina mshahara. Mpaka uliowekwa kati ya anayepika kwa kujifurahisha na anayepika ili ale ni mpaka kati ya tabaka na tabaka. Tena historia ya sheria zetu inaonyesha kwamba mpaka huo haukuanzia kwenye kuuza. Ulianzia kwenye rangi.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaendeleza zuio hilo. Masharti ya udhamini wa Shirika la Mataifa yaliitaka Uingereza iudhibiti ulevi Tanganyika. Kulikuwa na sababu njema ndani yake, kwani jini na ramu za Ulaya zilikuwa zimeleta maangamizi katika pwani za magharibi. Lakini utekelezaji wake ulimgawa mnywaji kwa asili yake. Mwafrika alizuiwa vinywaji vikali na bia ya chupa ya Kizungu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Pombe yake mwenyewe nayo iliwekewa vibali, saa na mahali pa kuuzia. Huko Durban, kuanzia sheria ya Natal ya mwaka 1908, manispaa ilijitwalia haki ya pekee ya kuwapikia Waafrika pombe na kutumia faida yake kuwatawala. Nairobi iliiga mfumo huo miaka ya mwanzo ya 1920. Mwanamke aliyekuwa mpishi akageuka mhalifu, na serikali iliyomkataza ikawa mpishi.

Sambamba na hayo, viwanda vilikua. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo, na bia yao ikaitwa Tusker, yaani mnyama mwenye pembe. Tanganyika Breweries iliundwa Dar es Salaam mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 serikali ilichukua hisa nyingi za viwanda vya bia, na mwaka 1993 ikaingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini. Nami hufikiri kuhusu mchezo wa lugha uliomo hapa. Tembo mnyama yupo kwenye chupa, analipiwa matangazo, anadhamini mipira. Tembo la mnazi limebaki kwenye dumu la plastiki nyuma ya nyumba.

Uhuru ulifuta ubaguzi wa rangi katika vileo, jambo ambalo ni ushindi wa kweli. Lakini haukufuta ngazi. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliendelea kutenga daraja la “pombe za kienyeji” na leseni zake. Sheria ya mwaka 1966 kuhusu Moshi, yaani gongo, iliukataza utoneshaji usio na leseni. Angalia pia neno lenyewe. Pombe, ambayo Burton aliisikia kama jina la bia ya nafaka, imekuwa jina la aibu la kila kileo, na bia yetu ya asili imelazimika kuongezewa “ya kienyeji” ili itofautishwe na “bia”, neno la kuazima. Mgeni amechukua jina la nyumba, mwenye nyumba akawa mpangaji.

Nakubali kwamba hatari zipo, na hazifanani. Tembo na pombe ya mtama ni vinywaji vilivyochachuka tu. Gongo ni kitu kingine, kwani kukitonesha kileo bila ujuzi, au kukichanganya na kemikali za viwandani, kumeua watu na kupofusha wengine Afrika Mashariki nzima. Lakini tusijidanganye kwamba hatari inakaa uani tu. Tarehe 1 Machi 2017 serikali yetu ilipiga marufuku vileo vya pakiti za plastiki, vile tulivyoviita viroba. Vilikuwa vikiuzwa dukani kwa bei ya peremende, na vilikuwa vikiharibu vijana. Vilitoka viwandani, vyenye leseni na lebo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa sababu ulipima kileo kwa madhara yake. Ninaomba kipimo hichohicho kitumike kwa mapipa ya bibi.

Majirani zetu wametuachia mifano ya kujifunzia. Kenya ilikataza chang’aa kwa takribani miongo mitatu, na mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti ya ubora. Sheria hiyo haikumaliza vifo, kwa sababu masharti yake yalikuwa mepesi kwa mwenye kiwanda na mazito kwa mama wa mtaani, naye akabaki gizani. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, iliwataka watoneshaji wadogo wauze enguli yao kwa kiwanda, na kutokana nayo ikatengenezwa Uganda Waragi, ambayo leo inauzwa viwanja vya ndege. Jina la nchi lilipanda kwenye chupa. Jina la mpishi halikupanda.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, naomba jambo moja la msingi: tuuweke pembeni ugawaji wa “kienyeji” na “kisasa”, tugawe kati ya salama na hatari. Kibali cha mpishi mdogo wa pombe ya nafaka kiwe cha bei ambayo mpiko mmoja unaweza kuilipa. Maofisa wa afya na wa viwango waende uani na kipimajoto na elimu kabla hawajaenda na faini. Sufuria isichukuliwe, kwa sababu sufuria hiyohiyo ndiyo inayopika ugali wa watoto. Kwa wanaharakati, nawakumbusha kwamba haki za mama lishe na za mmachinga tumezisemea sana, na tumesahau kwamba mpishi wa pombe ni mama yuleyule. Na kwa wanafunzi wangu: mnatafuta mada za tasnifu katika maktaba za mbali, ilhali wanawake waliorithi ujuzi wa njia ya misafara wangali hai, na hakuna aliyekaa nao na daftari.

Bibi alilipa faini yake kwa kukopa. Sufuria haijarudi. Chupa zangu 40 zilikwisha polepole, nyingi zikinywewa na wageni waliosifu ujuzi wangu, nami kila mara nikiwasahihisha kwamba ujuzi ni wa jirani. Mkebe mtupu wa boksi la pili, ulioandikwa Porter kwa herufi za dhahabu, aliuomba. Anaupimia mtama.